Mwongozo kamili: jinsi ya kutafsiri "delicate" bila kuharibu sentensi

Neno hili linawashinda watu wengi, tena watu wanaojua Kiingereza vizuri kabisa. Mtu anakutana na "delicate", anafungua kamusi, anakuta maneno yamepangwa mstari mmoja, laini, nyororo, dhaifu, tete, nyeti, anachukua la kwanza anabandika, basi amemaliza. Ndo tunapata vitu kama "swali laini", "harufu nyeti", "mazungumzo dhaifu", alafu msomaji anabaki anajiuliza swali laini ndo likoje.

Sitaweka orodha ya maana hapa maana orodha mnazo na bado mnakwama. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuchagua, yaani ufanye nini kwanza, ufanye nini baadae, na ujuaje kwamba umepatia. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Sentensi nzima, na ikiwezekana aya nzima. Mtu akikuletea neno peke yake akakuuliza Kiswahili chake ni nini, mwambie arudi na sentensi. Bila sentensi hamna jibu, kuna kubahatisha tu.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile ya wanaojifunza lugha yenye mifano mingi.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Hii watu wanaidharau kwa sababu wanadhani Kiswahili wanakijua, ila utaihitaji sana ukifika hatua ya nne.
- Mtu mmoja wa kumsomea tafsiri yako, ambaye hajaiona sentensi ya Kiingereza. Huyu ni muhimu kuliko kamusi zote mbili.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke pembeni kwanza. Sio kwamba ni mbaya, ila inakupa maneno sita bila kukuambia lipi linakaa wapi, na jicho likishaona neno la kwanza, akili inagoma kutafuta lingine.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni neno gani hasa uliloshika

Hii inachukua sekunde chache tu lakini inaokoa makosa mengi. Neno hili lina ndugu zake na kila mmoja ana kazi yake.

"Delicate" yenyewe ni kivumishi. "Delicately" inasema jambo lilivyofanywa. "Delicates" kwa wingi, hasa kwenye mashine ya kufulia, ni zile nguo za kufua kwa uangalifu, ndo maana mashine ikiwekwa hapo inazunguka taratibu na maji hayawi ya moto sana. "Delicious" ni neno lingine kabisa, hilo ni utamu, usilichanganye humu.

Sasa "delicacy" ndo mtego wenyewe. Angalia kama mbele yake kuna "a", au kama liko kwa wingi, "delicacies". Likiwa hivyo karibu kila mara linazungumzia chakula kinachothaminiwa sana, cha kuliwa kwa nadra au na wachache. Likisimama bila "a" linazungumzia ile sifa yenyewe, wembamba wa kitu, au staha ya mtu anapoongea. Herufi moja tu, na maana imehama kutoka mezani mpaka kwenye tabia ya mtu.

Na kwa wanaotafsiri kwa mdomo, mwisho wa "delicate" hautamkwi "keiti". Unatamkwa kifupi, kama "delikit". Ukisubiri kusikia "keiti" neno litakupita ukiwa umekaa.

Umepatia ukiwa: unaweza kusema kama ni kivumishi, kielezi au nomino kabla hujawaza neno lolote la Kiswahili.

## Hatua ya 2: Tafuta mwenye sifa

Pigia mstari kile kinachoelezewa. Ni kitu cha kushikika? Ni mwili au afya ya mtu? Ni jambo, swali, mazungumzo? Ni kitu cha kunusa, kuonja, kutazama? Ni kazi ya mikono? Ni kifaa?

Sababu ni kwamba Kiingereza kinatumia neno moja kwa vyote hivi na Kiswahili hakifanyi hivyo. Sisi tuna neno la ngozi, tuna neno la harufu, tuna neno la siri za familia, na hayapandi kiti cha mwenzake.

Ila usiishie kwenye nomino tu. "Delicate hands" inaweza kuwa mikono myembamba mizuri, inaweza kuwa mikono ambayo haijazoea kazi ngumu, na inaweza kuwa mikono ya fundi anayegusa kitu kwa utulivu. Kitakachokuambia ni ipi ni sentensi inayotangulia na inayofuata, ndo maana nilisema uwe na aya nzima.

## Hatua ya 3: Uliza, kikiguswa vibaya itakuwaje?

Hapa ndo kiini cha kazi yote na hapa ndo ninaomba utulie.

Karibu kila mahali neno hili linapotumika kuna wazo moja limejificha ndani yake: kuna kitu kinaweza kuharibika kirahisi, au kuna kitu ni kidogo sana kiasi kwamba bila umakini hutakiona wala hutakisikia. Kwa hiyo chukua kile ulichopigia mstari, kiwaze kikishikwa kwa pupa, alafu jiulize nini kitatokea.

Kikombe chembamba cha kaure kikishikwa kwa pupa kinavunjika. Hapo unatafuta lugha ya kuvunjika.

Bawa la kipepeo likishikwa linachanika, na ule unga wake unabaki kwenye vidole. Lugha ya kuchanika, na wembamba.

Mtoto ambaye ni "delicate" akinyeshewa mvua kidogo anaugua. Lugha ya afya.

Suala la urithi likiletwa hovyo mbele ya ndugu, watu wanagombana, mwingine anaondoka analia. Hapa hakuna kilichovunjika mkononi, kilichoumia ni moyo wa mtu na heshima yake. Lugha ya staha.

Harufu ya ua, ukiweka manukato makali karibu, inapotea huisikii tena. Hapa hamna kuumia, kuna kufunikwa. Lugha ya umbali na upole.

Mizani ya maabara, ukipumua karibu yake, inasogea. Hii haiko dhaifu hata kidogo, ni kali katika kuhisi. Lugha ya kuhisi.

Umeona? Ukijibu swali hili neno la Kiswahili linaanza kuja lenyewe kwa sababu umeshaacha kutafsiri neno, sasa unaeleza kitu unachokiona.

Tahadhari: kuna mahali ambapo jibu litakuwa "hakiharibiki, ni kizuri tu". Nakshi ndogondogo kwenye mlango wa mbao ngumu mtu anaweza kuziita "delicate" na mlango ule ukapigwa nyundo usivunjike. Hapo neno linasifia ustadi na udogo wa kazi, kwa hiyo usilazimishe udhaifu.

Umepatia ukiwa: unaweza kumaliza kwa Kiswahili sentensi hii, "ukikifanyia pupa kita...", au ukasema wazi kwamba hakitafanywa chochote, ni sifa ya uzuri.

## Hatua ya 4: Chagua lugha inayokaa mahali pake

### Vitu vya kushika

"Rahisi kuvunjika" inatosha pale ambapo kuvunjika ndo habari yenyewe. Ila kumbuka Kiingereza kina "fragile" kwa ajili ya kuvunjika tu, lile linaloandikwa kwenye maboksi. Mwandishi akiacha hilo akachagua "delicate", mara nyingi anasema pia kwamba kitu ni kizuri, chembamba, kimetengenezwa kwa mkono uliotulia. Ukiandika "glasi rahisi kuvunjika" umechukua nusu ya habari. "Glasi nyembamba nzuri, za kushika kwa uangalifu" imebeba zote mbili.

Kitambaa ni "chepesi", au "cha kufua taratibu". Mmea ni "usiostahimili jua kali" au "usiostahimili baridi", taja kile kinachouua kabisa, usiandike "mmea dhaifu" maana msomaji atadhani umeota vibaya.

### Ngozi, sura na mwili

"Nyororo" ni neno zuri kwa ngozi na sauti. "Laini" nayo inafaa kwa ngozi, lakini ukimwambia mtu mzima kwamba yeye ni laini umemwambia kitu kingine, kwamba hana msimamo au anaogopa shida.

Ngozi inayowasha ikipakwa sabuni kali ni habari nyingine. Hiyo sio nyororo, hiyo "inadhurika upesi". Maelezo ya dawa na vipodozi yanahitaji hii ya pili, na kosa hapa sio la urembo tu, mtu anaweza kujipaka kitu kisichomfaa.

Alafu "delicate features". Hii naomba muisome mara mbili. Inazungumzia sura ya uso, pua ndogo, midomo myembamba, mifupa isiyojitokeza sana. Ukiandika "sehemu zake nyeti" umeshampeleka msomaji mahali ambapo mwandishi hakuwahi kufika, kwa sababu kwa Kiswahili sehemu nyeti za mwili zinajulikana ni zipi. Andika "sura yenye umbo jembamba la kupendeza" uendelee.

### Afya

Hapa kuna mgongano kati ya "dhaifu" na "tete" na watu wanaanguka kila siku. Mtu mwenye "delicate health" ni yule wa kuugua-ugua, leo mafua kesho kifua, hana afya ya kutegemea, na anaweza kuishi hivyo mpaka uzee. Lakini "hali yake ni tete" kwa masikio yetu ni mtu yuko kitandani na ndugu wameshaanza kuitana. Kwa hiyo "tete" iweke kwa ajili ya hatari ya sasa hivi, na "wa kuugua-ugua" kwa ajili ya udhaifu wa siku zote.

Kwenye maandishi ya zamani utakutana na mwanamke aliye "in a delicate condition". Huyo haumwi, ana mimba, na mwandishi anakwepa kulitaja. Kiswahili kina tasfida zake tayari kwa jambo hili, "mjamzito" yenyewe ni lugha ya adabu na "mama kijacho" ni laini zaidi. Ukiandika hali yake ni tete umemlaza hospitali mtu mzima mwenye afya yake.

### Mambo, maswali, mazungumzo

"Suala nyeti" ni sahihi na limezoeleka, sina ugomvi nalo. Ninachosema ni kwamba limekuwa jibu la kila kitu na mara nyingine halisemi nini hasa kinaogopwa. Kama kinachoogopwa ni kuumiza mtu, "jambo ambalo halisemwi hovyo" au "jambo la kusema kwa staha" linagusa zaidi. Kama kinachoogopwa ni makubaliano kukwama, basi "mazungumzo yanayoweza kuvunjika wakati wowote", kwa sababu kwetu mazungumzo huvunjika kweli, neno tunalo. Na hali ya nchi au ya mpakani iliyotulia juu juu tu, hapo "hali bado ni tete" inakaa vizuri kabisa.

Kwa mtu anayejua kulisema jambo gumu bila kumuumiza mwenzake tuna neno moja ambalo nashangaa kwa nini watu hawalitumii, nalo ni staha. Alimwambia kwa staha. Alilileta kwa staha. Na kinyume chake, mtu aliye "indelicate", ni mtu asiye na staha, anaropoka. Tuna pia kumstahi mtu, kumsitiri, kupima maneno. Huu utajiri wote upo alafu mtu anaandika "alizungumza kwa ulaini".

Tahadhari: usitumie "kuuma na kupuliza" hapa. Inasikika kama upole ila ni hila, panya ndo anafanya hivyo ili usijue umeng'atwa.

### Vya kunusa, kuonja na kutazama

Sehemu hii Kiswahili kimebarikiwa. Harufu ni "ya mbali", au kitu "kinanukia kwa mbali". Ladha nayo ni ya mbali, au "isiyo kali". Rangi ni "iliyopoa", kinyume cha rangi ya kuwaka. Hakuna haja ya dhaifu wala hafifu, kwa sababu ukisema ladha hafifu msomaji anaelewa mpishi amekosea, wakati Kiingereza kilikuwa kinasifia.

### Kazi, mikono na vifaa

Upasuaji wa jicho ni "kazi inayotaka mkono uliotulia". Saa ya mkononi ina "vyuma vidogo vidogo vilivyopangwa kwa ustadi". Mizani "inahisi hata badiliko dogo". Kifaa cha maabara usikiite dhaifu hata siku moja, mnunuzi atakirudisha.

### Chakula

Kwa "a delicacy" watu wanaandika "chakula kitamu" na wanaamini wamemaliza. Utamu sio hoja kuu. Hoja ni kuthaminiwa na uadimu, ndo maana kitu kinaweza kuwa "delicacy" kwa watu fulani na wengine wakashindwa hata kukitazama. "Chakula cha tunu" au "chakula kinachothaminiwa sana na watu wa kule" ndo inabeba hiyo habari.

Umepatia ukiwa: neno ulilochagua ungelitumia mwenyewe ukiwa unaongea, bila kuwa na maandishi ya Kiingereza mbele yako. Ukiwa na shaka, fungua ile kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili uone mifano yake inaelekea wapi.

## Hatua ya 5: Pima kama ni sifa au ni huruma

Fupi hii. Kwa Kiingereza "delicate" mara nyingi ni sifa, hata pale inapotaja udhaifu. "Dhaifu" kwa Kiswahili karibu siku zote ni lawama au huruma. Kwa hiyo soma aya ya Kiingereza uone mwandishi anapenda anachokieleza au anakionea huruma, alafu soma yako uone kama hisia ni ile ile. Kama yeye anasifia na wewe umeleta huruma, rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Achia umbo la sentensi

Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanatafuta kivumishi kwa nguvu. Kiingereza kimetumia kivumishi basi nao lazima wapate kivumishi. Kiswahili kina vivumishi vichache, ila kwa vitenzi tuko matajiri. Tumia "kinacho...", "kisicho...", "cha ku...", "wa ku...". "A delicate task" haihitaji "kazi" pamoja na neno moja, inaweza kuwa "kazi ya kufanya bila haraka", na hakuna kilichopotea.

Ila usizidishe. Ukiona umefikisha maneno kumi na mbili kwa ajili ya neno moja, umeanza kufafanua, sio kutafsiri. Kata.

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye aya, alafu msomee mtu

Chukua sentensi hii niliyoitunga makusudi ili iwe na mitego yote:

"Her delicate features hid the delicate health she had had since childhood, and he raised the delicate matter of her debts with great delicacy."

Tafsiri ya kubandika inakuja hivi: "Sehemu zake nyeti zilificha afya yake tete aliyokuwa nayo tangu utotoni, naye aliibua suala laini la madeni yake kwa ulaini mkubwa." Kila neno limetoka kwenye kamusi na hakuna mtu anayeweza kuisoma bila kushtuka.

Sasa pitisha kwenye hatua. La kwanza ni sura, ni sifa, halivunjiki. La pili ni afya ya siku zote, sio hatari ya leo. La tatu ni jambo linaloweza kumwaibisha mtu. La nne halina "a" mbele yake, kwa hiyo sio chakula, ni tabia ya yule bwana anapoongea. Tunapata:

"Kwa sura yake ile yenye umbo jembamba la kupendeza, usingejua kwamba ni mtu wa kuugua-ugua tangu utotoni. Na yule bwana alipofika kwenye habari ya madeni yake, jambo ambalo halisemwi hovyo, alilileta kwa staha kubwa."

Mara nne kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili hakuna neno lililojirudia. Sentensi moja imekuwa mbili, nayo ni sawa, ingebaki moja ingekuwa ndefu ya kuchosha.

Baada ya hapo mtafute yule mtu ambaye hajaona Kiingereza. Usimuulize kama tafsiri ni nzuri, atakwambia ni nzuri ili akuridhishe. Muulize maswali ya habari. Huyu dada anaonekanaje? Ni mgonjwa wa kiasi gani, anakaribia kufa? Yule bwana ni mtu wa namna gani? Akijibu kwamba dada ni mzuri, ana afya ya wasiwasi lakini yuko kwenye maisha yake, na bwana ni mtu mwenye adabu, imefika. Akisita kwenye swali moja, neno la sehemu hiyo ndo lenye shida, na unaporudi kulirekebisha rudi kwenye swali la hatua ya 3, usirudi kwenye orodha ya maneno.